Shija Haangalii Ng'ombe

Kila jioni Mihayo alimbeba binti yake Shija hadi mlango wa zizi, akamnyanyua juu aone mali ya baba yake ikirudi. Ndivyo walivyofanya huko Usukumani, na kuhamia Usangu hakukuwa sababu ya kuacha. Ng'ombe mia walipita, kengele zikilia, vumbi likitimka, naye akiita jina la mtoto kwa sauti ya kushindana na madume. Shija, mwenye miaka mitano, alilegea mikononi mwake akasinzia.

"Amenikataa," Mihayo alisema mara nyingi hivi kwamba mwishowe aliamini.

Tangu homa kali iliyompanda kichwani akiwa mchanga, Shija hakusema neno wala hakutembea. Daktari wa mjini alimmulika akasema macho ni mazima. Sasa kama ni mazima, mbona hamwangalii babaye? Jambo hilo lilimuuma Mihayo kuliko alivyotaka kukiri. Ndipo akakata shauri: Jumatatu lori lingempitia Shija, apelekwe Shinyanga kwa bibi yake, akalelewe huko.

Kashindye, mkewe, hakubishana. Jumapili, ng'ombe walipokwisha kwenda malishoni, alimwita mumewe ndani.

"Vua hilo shati la maua, Baba Shija. Jitande hiki." Kilikuwa kitambaa chekundu kitupu, cha dukani kwa Mama Zehra, kule Uyole. "Pale dukani vitenge vilijaa hadi darini, Shija akasinzia. Mama Zehra alipotandaza hiki peke yake, mtoto akakodoa macho. Nimemjaribu mwezi mzima. Vitu vikiwa vingi haoni hata kimoja, na kelele ndiyo inammaliza kabisa."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Ukae. Unyamaze."

Kunyamaza ndiko kulikomshinda Mihayo tangu utoto. Alikaa mbele ya ukuta wa udongo, Shija amepakatwa na mama yake, akajiona kama mchumba anayesubiri jibu la wakwe. Muda ukapita. Alipotaka kuinuka, Kashindye alimkandamiza goti.

Macho ya Shija yalitangatanga, yakafika kwenye wekundu ule, yakatulia. Yakapanda taratibu hadi usoni kwa baba yake. Kisha mtoto akageuza kichwa pembeni.

"Umeona mwenyewe," Mihayo alinong'ona.

"Subiri. Akitaka kushika kitu hugeuka kwanza. Kuangalia na kushika kwa pamoja hawezi."

Mkono mdogo ulikuja ukitetemeka, uso ukiwa bado pembeni, ukamshika ndevu. Shija akagonga ulimi mara moja.

"Anasemaje?"

"Hiyo ndiyo 'ndiyo' yake. Anakujua."

Mihayo alilia bila kujificha. Miaka yote alikuwa akimwonyesha mwanawe ng'ombe mia, na mtoto alikuwa akimtafuta mtu mmoja katikati yao.

Jumatatu lori lilipopiga honi, Kashindye ndiye aliyetoka kumwambia dereva aende zake. Mihayo hakuweza kuinuka; Shija alikuwa anamwangalia.