Vijino Alivyovishusha Adrisi

Bramwel alitoka Jinja hadi Mbale na msumeno wake wa mnyororo ndani ya gunia, akawapita mafundi wote wa njiani, kwa kuwa fundi aliyemwamini ni Adrisi tu. Waliwahi kupanga vyumba jirani kule Namakwekwe, mtaa wa Mbale, kabla Bramwel hajahamia Jinja kukata mikaratusi. Msumeno aliununua mkuukuu. Ulikuwa mgumu kuwaka, na ukishawaka ulikata kwa kusuasua.

Adrisi aliufungua. Akasafisha kabureta na kichujio cha hewa, akabadilisha plagi, kisha akaunoa mnyororo kwa tupa, jino baada ya jino. Ulipojaribiwa, ulikata vizuri. Lakini Bramwel akaomba ukali uongezwe; kazi ilikuwa nyingi na mwenye miti alikuwa na haraka.

Mbele ya kila jino pana kijino kifupi kinachozuia msumeno usiume kupita kiasi. Adrisi alijua kikishushwa kidogo, mashine inakata upesi. Kikishushwa sana, inaruka. Alivishusha sana. Gogo la majaribio likakatika kama muhogo, Bramwel akacheka, naye Adrisi akavimba kichwa. Habari ya hatari hakuitaja.

Wiki ya tatu akapata taarifa: msumeno ulimrukia Bramwel, ukamkata mkono wa kushoto, vidole vitatu havikunjiki tena. Adrisi alimpigia simu kumpa pole. Safari ya kwenda kumwona akawa anaiahirisha.

Mwezi wa nne baada ya ajali ulimkuta Jinja, ameketi sebuleni kwa Bramwel. Phanice, mkewe, alimimina chai huku akieleza jinsi alivyomwonya mumewe kila siku juu ya uzembe. Bramwel aliinamisha kichwa.

"Hakuzembea, shemeji," Adrisi akasema. "Vile vijino nilivishusha kupita kipimo. Nilijua, na sikumwambia."

Phanice aliitua birika. Bramwel alimgeukia rafiki yake.

"Miezi minne, Adrisi," akasema taratibu. "Miezi minne najilaumu peke yangu. Ungekuja wiki ile ile, ningekusamehe kabla hujaketi."

Adrisi aliomba radhi, akaomba tena. Phanice alikuwa amehamia upande wa mumewe, ameushika ule mkono mbovu, analia bila sauti, akirudia kwamba hakujua. Adrisi akaiacha chai yake, akavitafuta viatu vyake mlangoni. Hakuna aliyemsindikiza.