Miaka Arobaini na Mitano ya Viazi

Filamu za mateka wa vita nazitazama bila kufumba jicho, na sioni haya kulisema. Ninazo rafu mbili nzima. Mdogo wangu Ross husema nina ugonjwa. Humjibu kwamba mgonjwa ni anayewatupia farasi wa kamari mshahara wake kila Jumamosi. Baba yetu, Clarrie Pascoe, alirudi kutoka reli ya Burma, ambako Wajapani waliwatumikisha mateka, mwaka 1945 akiwa na kilo thelathini na tisa, akaishi hadi 1990 bila kutuambia neno. Mtoto wa mtu kama huyo atafute wapi habari zake?

Tulichokijua ni kwamba mchele haukuvuka kizingiti chetu. Mama alisikia walivyolishwa wali wenye funza kule kambini, akautupa wote wiki aliyorudi mumewe. Tulikula viazi vya kuchemsha, vya kuoka na vya kuponda. Hata walipotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, kwenye mkahawa wa Mchina pale mjini, Mama aliagiza tuletewe chipsi.

Basi klabu ya maveterani ikapata filamu ya zamani, na jina la Baba limo kati ya waliohojiwa. Alihojiwa mwaka 1986, na nyumbani hakuna aliyejua. Ross akashikilia kwamba Mama asiende: ana miaka themanini na sita, moyo wake mbovu, akimwona mumewe anasimulia mateso tutamzika. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Tuligombana kwa simu siku mbili. Mwishowe nikamwuliza Mama mwenyewe, jambo ambalo Ross hakulifikiria. Akasema nimpitie saa nane, na nisichelewe.

Ross alikuja pia, akakaa ubavuni mwa Mama. Ukutani wakapita wanaume waliobaki mifupa, wamebeba mawe juani. Wanawake nyuma yetu wakaweka chini skonzi zao. Kisha akatokea Baba, amevaa sweta ya kijani aliyofumiwa na Mama.

"Siku hiyo aliniaga anakwenda kung'oa jino," Mama akasema.

Baba akaeleza jinsi mlinzi alivyomchapa mgongoni kwa mwanzi hadi akazirai, wakammwagia maji, kisha mlinzi akaanza upya. Ross akainuka, akamshika Mama mkono, akanong'ona kwamba inatosha, watoke nje.

"Kaa chini, Ross." Mama hakunong'ona. "Mgongo huo nimeupaka dawa miaka arobaini na mitano bila kuambiwa kitu. Mwache baba yako aseme."

Ross akakaa. Nami, bingwa wa rafu mbili, nilikuwa nimefumba macho.

Nilipoyafumbua, Baba alikuwa anataja kosa lake. Mwanamke mmoja wa Kithai alipita kando ya reli, akamrushia tonge la wali ndani ya jani la mgomba, wali mweupe, wa moto. Mlinzi akaona.

"Alinipiga sana," Baba akasema, "lakini wali ulikuwa ushafika tumboni. Sijaonja kitu kitamu kama ule. Nautamani mpaka leo."

Aliyemhoji akamwuliza kwa nini basi hali wali nyumbani.

Baba akacheka. "Mke wangu kaupiga marufuku kwa ajili yangu. Mtu kakuonea huruma namna ile, utamwambia nini? Nakula viazi."

Ukumbi mzima ukacheka. Mama hakucheka. Machozi yalimtiririka wala hakuyafuta, na Ross akanitazama kwa jicho la "nilikuambia". Niliogopa, sikatai.

Tukarudi sote watatu kwa gari langu hadi karibu na duka. Hapo Mama akaniamuru nisimame, akashuka mwenyewe na mkongojo wake, akarudi na kilo moja ya mchele. Jikoni alilazimika kuniuliza maji kiasi gani, nami sikujua vizuri. Wali ukatoka bokoboko, chini umeungua. Akapakua sahani tatu, na ya nne akaiweka mbele ya kiti cha Baba.

Tukala. Ross akausifu wali. Mama akamwambia asiwe mwongo kama baba yake.

Kisha akakigeukia kile kiti.

"Ungesema tu, Clarrie."

Akamaliza sahani yake, akaivuta ya Baba, akaila nayo yote.