Daftari la Pili

Kinoti hakumsalimu. Alisimama upande wa pili wa meza ya kuanikia kahawa, mikono mfukoni, buti zake zimeganda matope mekundu, akamtazama dada yake akichambua. Vidole vya Karambu vilikuwa vikidonoa punje kama mdomo wa kuku: hii imepasuka, itupwe, hii imetobolewa na mdudu, itupwe, hii nzima, ibaki. Wanawake wawili waliokuwa naye waliuona uso wa mwanamume yule, wakahamia meza ya jirani bila kuambiwa.

"Mwalimu Ann ameniambia umeandika hadithi," Kinoti alisema. "Ya mtoto na mfereji."

Karambu hakuinua macho. "Ameniambia nisome Jumamosi."

"Mbele ya Mama?"

"Mbele ya watu wote watakaokuja."

Mwalimu Ann alikuwa amestaafu, na badala ya kufuga kuku kama wenzake alifungua chumba cha vitabu nyuma ya posho mill, kinu cha kusagia mahindi, pale Githongo. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi watu waliketi humo kwenye viti vya plastiki wakasomeana walichoandika. Safari hii akina mama wa kanisa walikuwa wamealikwa, na mama yao alikwisha kufua gauni lake la bluu akalitundika ukutani. Ann alikutana na Kinoti njiani, akamwambia kwa furaha tu. Hakujua anawasha nini.

Mfereji wenyewe haukuwa mbali na meza zile za kahawa. Ulileta maji ya mto kiwandani kuoshea kahawa, na kabla ya kufika ulipita pembeni mwa shamba la baba yao. Siku ile ya zamani Karambu alikuwa na miaka kumi, Kinoti kumi na mitatu, na Kanana, kitinda mimba, hajafikisha mitatu. Mama alikuwa juu akichuma kahawa. Alimwacha mtoto na Karambu, akamwambia asimwondolee macho. Lakini Karambu alikuwa na kitabu cha kuazimwa shuleni, kitabu kisicho hata na jalada, na alipoinua kichwa mtoto hakuwepo.

Kinoti ndiye aliyemtoa majini, amekwisha kukata roho. Na kabla watu hawajafika, alimnyang'anya dada yake kile kitabu, akakisukuma ndani ya shati lake lililolowa, akasema, "Nilikuwa naye mimi. Umesikia? Mimi."

Ndivyo alivyomwambia Mama, na Baba, na chifu. Baba alimpiga mpaka majirani wakaingilia kati. Muhula uliofuata hakurudi darasani. Alipelekwa kwa mjomba wao kule Tharaka kuchunga mbuzi, akarudi akiwa na ndevu. Mama hakumtukana hata siku moja. Alifanya jambo jingine. Yeye ambaye kwa desturi angeitwa Mama Kinoti, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, aliacha kuitikia jina hilo. Wageni walimwita, akawa kama hajasikia. Mwishowe kijiji kizima kikazoea kumwita Mama Karambu, na Karambu akawa anatajwa ndani ya jina lile kila siku, kwa zaidi ya miaka arobaini, huku akijua.

Miaka tisa hakugusa kitabu cha hadithi. Kisha alipata kazi ya nyumbani Embu, mtaa wa Majimbo, kwa bibi mmoja mwalimu aliyekuwa na rafu nzima ya vitabu sebuleni. Alivipangusa vumbi miezi minne, kimoja kimoja, bila kufungua. Mchana mmoja wa mvua, mwenye nyumba akiwa kazini, alifungua kimoja akiwa amesimama, kitambaa cha vumbi kingali mkononi, na mvua ilipokwisha alikuwa bado amesimama. Tangu hapo alisoma kila kitu: riwaya, tamthilia, vitabu vya mitihani, hata gazeti lililofungiwa nyama. Kilichomnasa hasa hakikuwa utamu wa maneno. Ni kwamba ndani ya vitabu mtu aliyetenda baya aliachwa aseme mpaka mwisho. Hakuna aliyemkatiza. Hakuna aliyeinuka akaondoka.

Alipoanza kuandika mwenyewe, nywele zikiwa zimeingia mvi, aliandika habari ya Kanana kama familia ilivyoisimulia. Mvulana, mtoto, mfereji. Mwalimu Ann aliipenda. Aliuliza swali moja tu: "Na dada yao alikuwa wapi wakati huo?"

Swali hilo lilimla miezi miwili. Aligundua kwamba hadithi huvumilia mengi. Unaweza kubadilisha majina, ukahamisha mto, ukaleta mvua ambayo haikunyesha, nayo itatulia. Lakini ukimhamisha mwenye kosa, kila sentensi inachechemea. Akanunua daftari la pili.

"Nipe nione," Kinoti alisema sasa.

Karambu aliingiza mkono kwenye kiondo chake chini ya meza, akatoa daftari la kwanza. Kinoti alisoma amesimama, midomo ikicheza, kwa maana shule aliiacha darasa la sita. Alichukua muda. Lori lilipakia magunia likaondoka, naye bado anasoma. Alipomaliza mabega yake yalikuwa yameshuka.

"Hii ni nzuri," alisema. "Soma hii."

"Hiyo ni ya uongo."

"Si hadithi zote ni za uongo?"

"Uongo wa hadithi sio huo."

Kinoti alimtazama, kisha akatazama kiondo. Akaona kona ya daftari jingine, la jalada la kijani. Akazunguka meza. Karambu alilichomoa upesi akalikalia, mwanamke wa miaka hamsini na kitu amekalia daftari kama mtoto aliyeficha andazi, na kwa kitambo alidhani kaka yake atamwinua kwa nguvu. Karani alichungulia kutoka kibanda cha mizani. Kinoti alishusha mkono, na sauti pia.

"Mama ana miaka themanini na moja. Analala nyumba moja na wewe. Chai yake unapika wewe. Unataka akufe kama hana mtoto?"

"Anaye wewe."

"Mimi alinizika siku ile ile."

"Ndiyo sababu nimeandika."

"Nani alikutuma?" Aliokota punje moja, akaizungusha vidoleni bila kuiangalia. "Karambu, mimi sikusoma. Kanisani sina cheo. Shamba ni la baba. Kitu kimoja tu nimewahi kufanya kizuri kwa hii maisha yangu. Kimoja. Na sasa unataka kukichukua ukisome mbele ya watu."

Akairudisha punje mezani, akaenda zake kupitia nyuma ya matangi ya kuoshea kahawa.

Karambu alibaki na mikono juu ya kahawa. Miezi hiyo yote alijiona kama mtu anayerudisha mali ya wenyewe. Haikumwingia akilini hata mara moja kwamba anaiba.

Saa tano msimamizi alipuliza filimbi na wote wakainuka kufunika meza, maana kahawa ikiwa bado mbichi na jua la mchana likiipiga wazi, ganda hupasuka. Karambu alivuta turubai akalikosa, akavuta tena. Mwenzake alimuuliza kama ni homa. Alisema labda, akaomba ruhusa, akapanda mlima kwenda nyumbani.

Njiani alijaribu kujitetea na hakuweza. Kinoti alisema *mbele ya watu*, na hapo ndipo alipomchoma. Kwa nini mbele ya watu? Kwa sababu mbele ya watu unasoma, unapigiwa makofi, unaketi. Mama angekuwa mstari wa tatu, katikati ya wenzake, asiweze kusema lolote. Mtu anaweza kujificha hata nyuma ya ukweli.

Mama alikuwa uani kwenye kigoda, ungo mapajani, akitoa maharagwe kwenye maganda. Alishangaa kumwona. Karambu alisema amerudi kumsomea kitu. Mama alisema angengoja Jumamosi kama wengine. Karambu alisema hapana, Mama, hiki hakingoji, akaketi chini kwenye gunia na kufungua daftari la kijani.

Mama hakujua kusoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, hivyo Karambu alikuwa akisoma kimoyomoyo na kutamka kwa Kimeru. Hakutarajia kazi hiyo iwe ngumu vile. Kwa Kiswahili alikuwa ameandika kwamba msichana *alighafilika*. Neno hilo alilipenda, alilitoa kwenye riwaya moja nzuri. Kwa lugha ya mama yake alilitafuta asilipate. Alichopata ni: hakuangalia. Maneno yake mazuri yalianguka moja moja, na alipofika kwenye mfereji alikuwa amebaki na machache sana.

"Mtoto alikuwa amevaa gauni jekundu," alisoma.

"Hakuwa na gauni," Mama alisema. Vidole vyake havikusimama. "Alikuwa na shati la Kinoti. Nilikata mikono."

Mama alikwisha kujua ni mtoto gani. Alikuwa akingoja tu aone anakopelekwa. Kulikuwa bado na ukurasa mmoja na nusu, na katika ukurasa ule kulikuwa na *msichana* ameketi chini ya mti na kitabu, *msichana* anageuza ukurasa, *msichana* anasikia kitu kama jiwe limetumbukia na hainui kichwa mpaka amalize mstari. Alifungua mdomo aseme msichana. Akasikia sauti yake ikisema "mimi". Akaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho, mimi, mimi, mpaka shati lililolowa na kitabu ndani yake na mvulana anayesema nilikuwa naye.

Kisha akafunga daftari.

Vidole vya Mama vilikuwa vimesimama juu ya maharagwe. Kuku alikuja, akadonoa ganda, akaondoka. Karambu hakuthubutu kuutazama uso. Aliitazama mikono ya mama yake, mishipa yake, kucha zilizoingia utomvu wa kijani. Alisubiri mikono ile ifanye jambo.

"Ulikuwa unasoma nini?" Mama aliuliza.

"Mama?"

"Kile kitabu. Kilikuwa kinasema nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Lakini alikumbuka yote, kila mchoro. Alimwambia kilikuwa kinasema habari za mchungaji mdogo aliyepoteza ndama, akamtafuta siku nzima mpaka giza likataka kuingia. Alikuwa amefika pale mchungaji anaposikia kengele ng'ambo ya kilima.

"Akampata?"

"Sijui. Sikukimaliza."

Mama alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kununua. Aliweka ungo chini. Akashika ukuta, akainuka, na Karambu alipoinuka kumsaidia alisukumwa mkono, si kwa hasira, ila kwa nguvu ambayo hakudhani bado ipo.

"Baki," Mama alisema.

Alichukua fimbo yake. Hakushika njia ya kanisani wala ya sokoni. Alishuka kati ya mistari ya kahawa, kiubavu, akitanguliza mguu usiomuuma, akielekea kwa Kinoti. Karambu alisimama kwenye ukingo wa uwanja. Kutoka pale aliweza kuona boma la kaka yake lote: zizi, bati la jikoni, migomba mitatu, na Kinoti mwenyewe akirudi kutoka bondeni na mzigo wa matete begani kwa ajili ya ng'ombe. Alimwona akimwona mama yao. Alimwona akisimama.

Mama hakusimama. Alivuka lango ambalo lilikuwa wazi, akapita zizi, akaenda mpaka alipokuwa mwanawe, karibu kabisa, na kwa kuwa alikuwa mfupi kuliko yeye ilimlazimu kuinua uso. Kama alisema neno, halikufika juu. Kinoti hakuutua mzigo. Ncha za matete zilikuwa zikitetemeka nyuma yake.

Kisha Mama aliinua mkono wake wa kulia kuelekea usoni pa Kinoti. Karambu akapiga hatua moja mbele, ili aone mkono ule unakwenda kufanya nini, na hapo upepo ukatoka mtoni ukalifunua jani pana la mgomba, ukaliweka kati ya macho yake na wao.