Mkono wa Mama Haukuachia

Mimi ni fundi cherehani, na domo ninalo, waulize wateja wangu. Lakini hili sijawahi kumwambia mtu. Naona aibu.

Mama alikuwa na tabia ya kunipandisha presha. Nikimvalisha, anakamata gauni langu haachii. "Mama, niachie." Navuta, anazidi kukaza. Nguvu za kushika kijiko hana, ila za kunishika mimi anazo! Nikampigia dada: "Mama yako ananikomoa." Akasema nivumilie, mama ni mama. Ee, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jumatatu moja Mama akadaka gauni la mteja, hariri tupu, mwenyewe kasimama mlangoni anasubiri. Likachanika. Nikachukua rula ya kupimia nikampiga vidoleni. Mara tatu. Ya kwanza ilikuwa hasira. Hizo mbili nyingine, Mungu anisamehe, nilipiga nikijua ninachofanya.

Wiki hiyohiyo tukaenda kwa daktari, maana kusahau kwake kulikuwa kumezidi. Daktari akapitisha kidole kwenye kiganja cha Mama, vidole vikajifunga. "Mama, niachie," daktari akamwambia. Wapi!

"Hafanyi kusudi," akaniambia. "Mtoto mchanga hushika hivihivi. Akikua, ubongo unaituliza hali hiyo. Ubongo ukichakaa, inarudi. Na ukivuta, ndiyo anakaza zaidi."

Miezi yote ile nilikuwa nagombana na mtu asiyejua kama ameshika.

"Na hizi alama vidoleni?"

"Alijibana na mlango," nikasema. Uongo ulitoka laini, hata sikukohoa. Daktari akaandika. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Akanionyesha namna ya kumwachisha: akampapasa Mama mgongo wa mkono, taratibu, vidole vikafunguka vyenyewe. Jambo dogo kiasi hicho!

"Haya, jaribu wewe."

Nikanyanyua mkono. Mama, ambaye jina langu alishalisahau, ambaye asubuhi ile aliniita shangazi, akarudisha mikono yake haraka akaificha kwapani. Akafumba macho, akakunja uso, akingoja.

Daktari akaweka kalamu chini. Alimtazama Mama, kisha akanitazama mimi.

"Si mlango, daktari," nikasema. "Ni mimi."