Picha Nane kwa Sekunde

Tangu wamzike kaka yake Bartholomew kule Kathiani, Mutanu alikuwa amekufa ganzi. Hakulia kaburini, hakulia matangani, na wiki ya tatu alikuwa amesharudi studioni kwake mjini Machakos kuhariri harusi za watu. Majirani walisema ana moyo mgumu. Waache waseme, midomo ni yao.

Bartholomew alikuwa mkalimani wa lugha ya ishara kwenye televisheni, yule mtu wa kisanduku kidogo pembeni mwa skrini wakati wa habari. Lugha hiyo aliisomea kwa ajili ya binti yake Kamanthe, aliyezaliwa kiziwi. Baada ya mazishi, mwenzake wa kazini alimletea Mutanu flashi yenye taarifa ya habari ya mwisho aliyoifasiri marehemu, akamwomba aitunze vizuri, kwani kituo hakiweki rekodi zaidi ya mwezi mmoja.

Kamanthe aliomba awekewe kwenye simu. Lakini rekodi ya nusu saa ilikuwa nzito mno, na simu ya msichana haikuwa na nafasi. Hilo kwa Mutanu si jambo la kuumiza kichwa. Televisheni yetu hurusha picha ishirini na tano kila sekunde, na jicho likidanganyika huona ni mwendo mmoja. Ukitaka video iwe nyepesi, unapunguza hizo picha. Mtu amesimama mahali pamoja anasoma habari, Mutanu alijiambia, picha ishirini na tano za nini? Akaweka nane. Ndizo anazowapa wateja wanaotaka mahubiri kwenye simu, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Kazi ilipokwisha aliikagua vilevile anavyokagua mahubiri. Alivaa hedifoni, akawa anakunja nyaya huku akisikiliza mwanzo hadi mwisho. Sauti ilikuwa safi, halikukatika hata neno moja. Akaridhika. Kisha akaifuta ile flashi aweke harusi ya Matuu, iliyokuwa ikingojewa jioni hiyo, na mkono wake haukusita hata kidogo. Mazoea yana taabu.

Jumamosi Kamanthe alifika. Mama yake alibaki sokoni. Shangazi na mpwa huzungumza kwa kuandikiana kwenye simu, kwa sababu katika miaka kumi na mitano Mutanu alijifunza ishara za salamu na chakula tu, akaona zatosha. Msichana alitazama dakika mbili, akaisimamisha video na kuandika.

"Anti, mikono ya baba inaruka. Nashika neno moja, matatu yanapotea. Uko na ile nzima?"

Mutanu akakitazama kile kisanduku kwa mara ya kwanza. Mkono wa kaka yake ulikuwa kifuani, mara ukawa kwenye paji la uso, na katikati hapakuwa na kitu. Akampigia simu yule mwenzake, akaambiwa mwezi umepita na kituo kimeshafuta. Akaichokonoa flashi kwa programu ya kufufua faili, akampata bibi harusi wa Matuu akikata keki. Maji yakimwagika hayazoleki, na Mutanu aliyazoa kwa saa nzima, uso mkavu, mpaka Kamanthe alipomgusa bega.

Kamanthe alikuwa ameipeleka video mwisho, pale msomaji wa habari anapokusanya karatasi zake. Akaandika tena, polepole.

"Habari zikiisha huwa ananiambia kitu. Si cha habari, ni changu, na kila siku ni kingine. Siku hiyo nilikuwa shule, sikuona. Hapa mkono unaanza, halafu uko chini. Lakini wewe uliona ile nzima. Alifanya hivi, ama hivi?"

Akaiweka simu mezani, akamwonyesha ishara ya kwanza, kisha ya pili, akangoja.

Mutanu alikuwa ameifungua ile rekodi nzima mara mbili kabla ya kuibana. Alitafuta kichwani. Alikumbuka mvua iliyotabiriwa Ukambani, alikumbuka kwaheri ya msomaji na muziki wa kufungia. Mikono ya kaka yake hakuikumbuka hata kidogo. Hapo ndipo uchungu ulipompata, wote kwa mara moja, akashika ukingo wa meza.

Msichana bado alikuwa anangoja. Mutanu akaichukua simu.

"Sikuangalia, Kamanthe," aliandika. "Nilikuwa nasikiliza."