Hai ya Mpishi

Saa mbili asubuhi ukuta wa mtaro ulimwangukia Kijiko, na mpaka saa saba hakuna aliyejua kama amepona au ndiyo ametangulia. Gari la wagonjwa lilimchukua, msimamizi akawarudisha wenzake kwenye mabomba. Alipoulizwa ni hospitali gani, akasema habari zitakuja. Simu zao alikuwa amezifungia kabatini tangu asubuhi, ndiyo sheria yake.

Fundi bomba alizijua habari za namna hiyo. Mkewe, dada yake Kijiko, alipoanguka kiwandani katika nchi hiyohiyo ya watu, yeye naye aliambiwa vivyo hivyo. Habari zikaja siku ya tatu, ndani ya bahasha. Wakubwa ndivyo walivyo: mnyonge akifa, wanatafuta kwanza maneno ya kujisafisha, ndugu zake baadaye.

Wenzake walipokaa kula, alimwona msimamizi anakata kona. Akamfuata na buti zake za tope.

Msimamizi aliinama chini ya kitambaa cha buluu kilichopasuliwa katikati, kikining'inia mlangoni. Miaka miwili fundi alikuwa akipita pale akidhani ni duka la mapazia. Kumbe ni mkahawa. Ndani mlikuwa na kaunta ndefu ya mbao, samaki wabichi waliokatwa vipande vyembamba, na watu wazima wakila kwa vijiti kimyakimya. Maandishi ya ukutani yalifanana na yale ya kwenye pampu yao ya kunyonya maji. Wajapani, basi.

Msimamizi alikuwa meza ya mwisho na mwenye kampuni, vichwa vimekaribiana juu ya karatasi. Fundi akafungua kinywa, lugha ya wenyeji ikamkimbia yote.

"Shemeji yangu yuko hai?"

"Hai," akajibu mpishi nyuma ya kaunta, bila kuinua kichwa.

Akashika kiti. Mzee huyu amejuaje? Labda wakubwa wamezungumza mbele yake. Machozi yalikuwa yameshamlenga pale mhudumu alipoita jambo kutoka upande wa pili, na mpishi akasema, "Hai." Mteja akanyoosha kikombe. "Hai."

Ilikuwa naam ya Kijapani tu, ya jikoni. Mzee alikuwa anaitikia wateja.

Ndipo hasira ikampa miguu. Akaenda akaketi katikati ya wakubwa wawili, akauliza upya kwa lugha yao. Mwenye kampuni alimsogezea karatasi na kalamu. Kusoma hakukuwa kazi yake, lakini jina la Kijiko alilitambua, akafuata mistari kwa kidole cha tope mpaka akaelewa: Kijiko aliteremka mtaroni bila ruhusa.

"Wewe ndiye ndugu yake. Tia sahihi, tukwambie alipo," akasema msimamizi.

Fundi alikuwepo. Kwa masikio yake alimsikia msimamizi huyuhuyu akimwambia Kijiko ateremke, ilhali mbao za kuzuia udongo hazijawekwa.

"Piga simu kwanza."

Alisema taratibu, lakini vijiti vilisimama mkahawa mzima. Mpishi akaweka kisu chini, akazunguka kaunta, akamwekea fundi kikombe cha chai juu ya ile karatasi. Hakuondoka. Alisimama pale, mikono kwenye aproni, akimtazama mwenye kampuni kama anayesubiri agizo. Wateja nao wakatazama. Mwenye kampuni akatoa simu.

Iliita sana. Akajibu muuguzi, fundi akapewa simu, akasikia kikohozi.

"Shemeji, wamenikatia suruali," akasema Kijiko kwa sauti ya mikwaruzo. "Mguu umevunjika, sawa, lakini suruali ilikosa nini? Nawe usiguse koleo langu, nakujua."

Msimamizi akamsogezea fundi kalamu tena. Fundi akaisukuma, ikabingirika mpaka chini.

Mpishi alikuwa bado amesimama, anamuuliza kwa macho.

"Hai," fundi akamwambia.

"Hai," mzee akaitikia, akainamisha kichwa, akarudi kwenye samaki wake.