Maji ya Mgeni

Tangu asubuhi wasichana wa darasa la saba walikuwa wakiopoa pedi kisimani. Mvua za masika zilikuwa zimefurisha choo cha shule, kisima kikajaa hadi mdomoni, na pedi zikaelea juu yake, zimevimba.

"Haraka!" alisema Mwalimu Mkuu Dadi, leso puani. "Mgeni wa kampuni analeta shehena nyingine. Asiukute uchafu wenu."

Uchafu wetu? Muzdalifa aliuma meno. Nani aliuomba? Siku hizi za soko huria kila kampuni ina zawadi, na kila zawadi ina picha yake. Mwaka jana mgeni huyo aligawa pakiti, akapigwa picha, akaenda zake. Hakusema zikishatumika zitupwe wapi. Kuzichoma ni mwiko: kila msichana wa huku amefundwa na kungwi kwamba damu ikiungua, kizazi nacho kimeungua. Basi zikaenda chooni. Sasa darasa la kwanza wanaharisha, na yeye mwenyewe mapaja yamechubuka kwa kushinda na pedi moja kutwa, maana pa kutupa hapana.

Mgeni alipoketi barazani, Muzdalifa ndiye aliyetumwa maji. Akateka kisimani, akajaza bilauri ya ofisi.

"Shikamoo. Karibu maji."

"Marahaba, binti. Pedi zetu mnazipenda?"

"Tuzitupe wapi, mzee?"

"Si mchome tu?"

"Sie damu hatuichomi. Tulizitia chooni, choo kimemwagikia kisimani. Haya maji ndiyo ya huko. Kunywa, mzee."

"Muzdalifa! Huna adabu?"

"Ninayo, mwalimu. Mgeni hanyimwi maji."

Mgeni aliitazama bilauri, akaiweka chini taratibu. Kisha akamwita dereva amletee maji yake ya chupa garini.

Viboko alichapwa palepale. Hakulia, hakutaka kuwapa raha hiyo. Alipoambiwa aende nyumbani na asirudi bila mzazi, alipita kisimani, akakata kamba, akajitwika ndoo.

"Rudisha ndoo ya shule!" Mwalimu Dadi alipiga kelele.

"Watoto na wanywe chupani kwa mgeni!" Muzdalifa alijibu bila kugeuka.

Nyuma yake maboksi yalikuwa yakiteremshwa. Kengele ya mapumziko ikalia. Darasa la kwanza wakakimbilia kisimani, wakaikosa ndoo, wakalala kifudifudi ukingoni na kunywa kwa viganja.